Barua kwa Mhariri: Iskandaria haitoshi kuonwa kwa siku moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua ili niongezee jambo katika makala yenu ya utalii iliyowahimiza wasomaji kupanga likizo ya familia nchini Misri. Makala ile ilikuwa na mengi ya manufaa, na nilifurahi kuona gazeti la Kiswahili likiizungumzia Misri kama nchi ambayo mtu wa Tanga, Mombasa au Bujumbura anaweza kwenda kupumzika, na si mahali pa masomo na matibabu peke yake. Hata hivyo, ratiba mliyoichapisha iliipa Kairo siku nne, ikaupa mji wa Sharm el-Sheikh siku nne nyingine, na Iskandaria ikatajwa katika sentensi moja tu, kama matembezi ya hiari ya kwenda asubuhi na kurudi usiku. Ratiba ya namna hiyo ndiyo wanayoiuza mawakala wengi wa safari hapa kwetu, na ndiyo ninayotaka kuipinga, kwa sababu anayeifuata hurudi nyumbani akiwa ameiona Misri ya jangwa na ya Bahari ya Shamu, huku Misri ya Bahari ya Mediteranea, yenye mambo mengi yanayotuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki, akiwa ameiona kupitia dirisha la basi.

Tuihesabu siku hiyo moja jinsi ilivyo. Kutoka Kairo hadi Iskandaria kwa barabara ya jangwani ni takribani kilomita 220, nayo huchukua saa tatu ikiwa msongamano wa magari wa Kairo umekuwa wa huruma. Basi huanza kwa kuzunguka hotelini kuchukua wageni, likafika Iskandaria jua limeshapanda, na ili lirejee kwa wakati ni lazima liondoke kabla ya magharibi. Katika saa zinazobaki kati ya hapo, wageni huteremshwa kwenye makaburi ya chini ya ardhi ya Kom el-Shoqafa, wakapelekwa kwenye nguzo ya mawe mekundu ya Aswan ambayo wengi huiita ya Pompey ingawa ilisimamishwa mwishoni mwa karne ya 3 kwa heshima ya mfalme wa Roma, Diocletian, wakala chakula cha mchana, wakapiga picha mbele ya ngome ya Qaitbay, na maktaba kuu wakaiona kwa nje. Watoto huwa wamechoka kabla ya kituo cha tatu, na wazee magoti yamewauma. Bahari yenyewe, ambayo ndiyo sababu ya mji huo kuwapo tangu Aleksanda alipouanzisha mwaka 331 kabla ya Kristo, hakuna aliyeikalia hata nusu saa.

Mimi nilikuwa mwalimu wa historia kabla ya kustaafu, na pengine ndiyo maana jambo hili linanigusa zaidi kuliko wengine. Lakini sisemi haya kwa ajili ya walimu. Nasema kwa ajili ya familia za kawaida za pwani yetu ambazo, zikifika Iskandaria bila kukimbizwa, zitakuta vitu ambavyo tayari vimo katika maisha yao.

Chukueni mtaa wa Anfushi, upande wa magharibi wa mji, karibu na bandari iitwayo ya Mashariki. Hapo upo uwanja mpana wenye misikiti kadhaa, na mkubwa kuliko yote ni ule wa Abu al-Abbas al-Mursi, walii aliyetoka Murcia, Hispania, akawa mwanafunzi wa Sheikh Abu al-Hasan al-Shadhili, na akafariki Iskandaria katika miaka ya 1280. Jengo la sasa lilijengwa kati ya 1929 na 1945 kwa ramani ya msanifu Mwitaliano, Mario Rossi. Tarika ya Shadhiliya, inayobeba jina la Sheikh huyo, haihitaji kutambulishwa kwa wasomaji wenu wa Unguja, Kilwa na Komoro. Mkabala na msikiti huo umo mwingine mdogo, na ndani yake amezikwa Imamu Busiri, mshairi wa karne ya 13 aliyetunga Kasida ya Burda na ile ya Hamziya, zote za kumsifu Mtume. Burda husomwa katika hafla zetu za dini kuanzia Lamu hadi kusini mwa Tanzania, na Hamziya ilitiwa katika Kiswahili karne kadhaa zilizopita na Sayyid Aidarus wa Pate. Kwa maneno mengine, mtu ambaye mashairi yake yamesomwa katika nyumba zetu kwa vizazi na vizazi amelala hatua chache kutoka mahali ambapo mabasi ya watalii huegeshwa, na bado sijaona ratiba hata moja ya wakala wa kwetu inayolitaja jina lake.

Nilikwenda hapo na shangazi yangu, mama mtu mzima ambaye Kiarabu cha mitaani hakijui hata cha kuombea maji. Katika msikiti huo beti za Burda zimeandikwa juu kwenye kuta, kwa hati nzuri, zikizunguka jengo. Shangazi aliinua macho, akatafuta beti anayoijua, kisha akawa anaifuata kwa midomo bila sauti, akihama polepole kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, mkono mmoja ukiwa umeshika ukingo wa buibui. Mwangalizi wa msikiti alimwangalia kwa muda, akaenda akamletea kiti. Hakuna aliyekuwa anamwambia kwamba basi linaondoka. Hicho ndicho ninachokiita likizo, na hakiwezi kuingizwa katika ratiba ya dakika 20.

Kutoka kwenye uwanja huo, mtu akitembea kando ya bahari bila haraka hufika kwenye ngome aliyoijenga Sultani Qaitbay kuanzia mwaka 1477. Ngome hiyo imesimama pale pale palipokuwa na mnara maarufu wa taa wa Pharos, uliojengwa katika karne ya 3 kabla ya Kristo na kuhesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia ya kale, na inaaminika kuwa baadhi ya mawe ya mnara huo yalitumika katika kuijenga. Sisi tunao shahidi wa karibu wa habari za mnara huo. Ibn Batuta, msafiri wa Morocco, aliingia Iskandaria mwaka 1326 akaukuta upande mmoja wake umeharibika. Mwaka 1331 alikuwa huku kwetu, akilala Mombasa na kuisifu Kilwa. Na aliporejea Iskandaria mwaka 1349 aliukuta mnara umebomoka kiasi kwamba hakuweza kuingia. Msafiri yule yule ambaye watoto wetu humsoma shuleni kwa sababu ya Kilwa ndiye aliyeandika habari za siku za mwisho za mnara wa Iskandaria. Mtoto aliyekwisha kupelekwa kuona magofu ya Kilwa Kisiwani, au hata aliyeyaona katika kitabu tu, akisimama juu ya ukuta wa Qaitbay na kuelezwa hilo, somo lake la historia hupata mahali pa kukaa.

Kisha ipo Rashid, mji mdogo ulio takribani kilomita 65 mashariki ya Iskandaria, wenye nyumba za zama za Waturuki zilizojengwa kwa matofali mekundu na meusi. Wazungu waliuita Rosetta, na jiwe lililowawezesha wataalamu kusoma maandishi ya Misri ya kale lilipatikana karibu na mji huo mwaka 1799. Lakini kwa msomaji wa Jinja, Mwanza, Kigali au Bujumbura sababu ya kwenda Rashid ni nyingine kabisa: hapo mkono mmoja wa Mto Nile humalizia safari yake na kuingia baharini. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya maji yanayofika Misri hutoka nyanda za juu za Ethiopia, na kwamba tangu kukamilika kwa Bwawa Kuu la Aswan mwaka 1970 kinachofika baharini ni kidogo. Hata hivyo, mto unaoanzia katika vijito vya Burundi na Rwanda, ukapitia Kagera, ukaingia Ziwa Victoria na kutokea Jinja, una haki ya kutembelewa na watu wake mahali unapoishia. Kwenda na kurudi ni kazi ya siku moja kutoka Iskandaria; kutoka Kairo ni mateso.

Sasa nije kwenye upangaji wenyewe, kwa sababu kusifu mji bila kumwambia mtu aende lini ni kumpoteza.

Makala yenu ilisema kwamba Misri hutembelewa vizuri zaidi kati ya Desemba na Februari. Hiyo ni kweli kwa Luxor na Aswan, miji ya kusini, ambako majira ya joto hayavumiliki, lakini si kweli kwa pwani ya Mediteranea. Iskandaria ina kipupwe halisi. Katika Januari joto la mchana hufika nyuzi 18 hivi na usiku hushuka hadi karibu nyuzi 9, na hoteli nyingi za bei ya kati hazina joto la kutosha vyumbani. Mvua ya mji huo karibu yote hunyesha kati ya Oktoba na Machi, nayo huja kwa dhoruba za bahari ambazo wenyeji wanazijua kwa tarehe na kwa majina kama wavuvi wetu wanavyozijua pepo za kusi na kaskazi. Dhoruba ikija, mawimbi huruka ukuta wa pwani na kumwagika barabarani, mashua hufungwa, na mgeni hubaki hotelini akiangalia dirishani. Mwezi wa Oktoba mwaka 2015 mvua moja kubwa ilifurika barabara za mji na kuua watu. Mzazi wa Dar es Salaam anayetumia likizo ya Desemba kuwapeleka watoto Iskandaria wakaogelee, kwa kuwa gazeti limemwambia Desemba ni msimu mzuri, atawakuta wenyeji wamevaa makoti.

Upande wa pili, Julai na Agosti ni miezi ambayo Kairo nzima huhamia pwani. Joto la Iskandaria wakati huo ni kama nyuzi 30, ambalo kwa mtu wa Tanga si jambo la kutisha, na maji ya bahari huwa ya uvuguvugu mzuri. Tatizo ni watu. Shule za Misri huwa zimefungwa na mitihani mikubwa ya sekondari imekwisha au inaelekea kwisha, na ufukweni miavuli husimamishwa bega kwa bega hata mchanga usionekane. Bei za vyumba hupanda, na treni za mwisho wa wiki hujaa. Kwa hiyo miezi mizuri kweli kweli ni Mei na mwanzo wa Juni, halafu mwisho wa Septemba na sehemu kubwa ya Oktoba, wakati bahari bado ina joto la kiangazi na wenyeji wamerudi kazini na shuleni.

Hapo ndipo ugumu wetu unapojitokeza, na ndipo ninapowaomba mawakala na wahariri wa kurasa za utalii watusaidie badala ya kunakili ushauri ulioandikiwa watu wa Ulaya wanaokimbia baridi. Kalenda ya shule zetu haifanani na ya Ulaya. Familia ya Tanzania yenye watoto wa shule ina Juni, na ni bahati njema, kwa sababu wiki za mwanzo za Juni zinafaa kabisa, almuradi safari isichelewe hadi Julai. Familia ya Kenya ina Aprili na Agosti. Kati ya hizo ningechagua Aprili bila kusita, huku nikijua kwamba maji bado yana ubaridi na kwamba katika majira hayo hutokea siku moja mbili za upepo wa khamsini wenye vumbi la jangwani. Anayesafiri Aprili au mwanzo wa Mei aangalie pia Jumatatu inayofuata Pasaka ya Wakoptiki, ambayo ni sikukuu ya Wamisri wote, Waislamu na Wakristo, na siku hiyo kila bustani na kila ufuo huwa umejaa. Wiki za Idd vivyo hivyo. Ama Ramadhani, kwa familia inayofunga ni wakati mzuri sana wa kukaa Iskandaria, maana mji huchangamka usiku kucha. Kwa familia isiyofunga, saa za mchana zitakuwa ndefu na mikahawa mingi itakuwa imefungwa. Ambao hawana watoto wa shule, wastaafu kama mimi, Oktoba ni yetu.

Kuhusu bahari lipo jambo ambalo sijaliona likiandikwa mahali popote kwa Kiswahili, nami nalisema kwa uzito wote ninaoweza. Mtoto wa pwani yetu hujifunza bahari kwa kujaa na kupwa. Anajua bamvua na maji mafu, anajua saa ya kurudi nchi kavu kwa kuyaangalia maji yalivyosogea, na katika fukwe nyingi analindwa na mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi mbali kabla hayajamfikia. Katika ufuo wa Iskandaria mambo hayo mawili hayapo. Maji hupanda na kushuka kwa kiasi kidogo mno, chini ya urefu wa goti, hivyo hayampi mtu ishara yoyote, na hakuna matumbawe ya kuzuia mawimbi yanayotoka kaskazini. Hatari yake ni mkondo unaorudi baharini kutoka ufukweni, ambao humvuta mwogeleaji kwenye kina kirefu hata siku ambayo jua linawaka na anga ni safi. Mwezi wa Julai mwaka 2020 watu 11 walizama asubuhi moja katika ufuo mmoja wa Agami, magharibi ya mji, ambao ulikuwa umefungwa. Baadhi yao walikuwa wameingia majini kumwokoa mtoto. Kijana wa Pangani anayejiona hodari wa kuogelea ndiye ninayemhofia zaidi. Mwogeleaji na aingie majini katika fukwe zenye waokoaji tu, aiheshimu bendera nyekundu, na akivutwa asishindane na mkondo kwa kuelekea ufukweni moja kwa moja, bali aogelee sambamba na pwani mpaka atoke kwenye mkondo huo. Familia iliyo na watoto wadogo itafute sehemu zenye vizuizi vya zege vilivyowekwa baharini, ambako maji hutulia.

Jambo jingine la ufukweni ni la kutupa raha. Katika fukwe za umma za Iskandaria wanawake wengi huingia majini wakiwa wamevaa nguo za kuwasitiri, na wake na binti zetu wanaopenda kuogelea wakiwa wamejistiri hawatakuwa kioja kwa mtu yeyote. Nimewahi kusikia kina mama wakisema kwamba huko waliogelea kwa amani kuliko katika baadhi ya hoteli za kitalii za nyumbani, na nadhani jambo hilo peke yake linatosha kuwafanya mawakala wetu wafikirie upya wanamuuzia nani safari za Sharm.

Kuhusu nyaraka nitasema kwa ufupi. Masharti ya viza hutegemea pasipoti ya msafiri na hubadilika, kwa hiyo ni vyema kuuliza moja kwa moja katika ubalozi wa Misri, Dar es Salaam au Nairobi, miezi miwili au mitatu kabla ya safari, na kutolipa tiketi ya ndege isiyorejesheka kabla ya jibu kutoka. Wakala mmoja, ambaye sitamtaja, alimshauri jirani yangu afanye kinyume chake, na fedha za tiketi zikapotea. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo ibebwe pamoja na pasipoti, si ndani ya begi linaloingia chini ya ndege. Chanjo huhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu 2016 kadi moja inatosha kwa maisha yote.

Fedha zinahitaji uangalifu kwa sababu makadirio mengi yanayozunguka mitandaoni yamepitwa na wakati. Mwezi wa Machi mwaka 2024 Misri iliiacha paundi yake ijitafutie thamani sokoni, ikashuka kutoka takribani 31 kwa dola hadi karibu 50, na bei za ndani zimekuwa zikipanda tangu hapo. Anayepanga na apange kwa dola, abadilishe kidogo kidogo, na awe na kadi ya benki inayofanya kazi nje ya nchi, kwani vivutio vingi vya kihistoria havipokei tena fedha taslimu kutoka kwa wageni. Wageni hulipa kiingilio kikubwa kuliko Wamisri. Wanafunzi hulipa nusu katika maeneo mengi wakionyesha kitambulisho, hivyo vijana wa vyuo wasiache vitambulisho vyao nyumbani.

Kuhusu kufika Iskandaria, nawasihi wasomaji waache basi na wapande treni. Reli ya kati ya Kairo na Iskandaria ndiyo ya kwanza kujengwa barani Afrika, ilikamilika mwaka 1856, miaka 40 kabla ya reli ya Mombasa kuanza kujengwa, na safari yake ni ya saa mbili na nusu au tatu hivi, ikipita katikati ya mashamba ya bonde la mto ambayo anayefuata barabara ya jangwani hayaoni kabisa. Watoto wanaweza kusimama na kutembea ndani ya behewa. Tiketi za daraja la kwanza zikatwe siku kadhaa kabla. Msafiri ajue pia kwamba treni husimama Sidi Gaber kabla ya kituo cha mwisho, na ateremke kulingana na hoteli yake, kwa kuwa mji umejinyoosha kando ya bahari kwa karibu kilomita 20 kutoka Qaitbay hadi bustani za Montaza, upande wa mashariki. Anayetaka misikiti, soko la samaki, maktaba na makumbusho akae upande wa katikati ya mji. Anayetaka ufuo na utulivu kwa watoto akae upande wa Montaza. Barabara ya pwani ni pana na magari yake hayapunguzi mwendo, kwa hiyo mtu asivuke na watoto ila kwa njia za chini ya ardhi palipo nazo.

Maktaba ya Iskandaria iliyofunguliwa Oktoba 2002 inastahili asubuhi nzima. Ukuta wake wa nje ni wa mawe ya Aswan yaliyochongwa herufi za maandishi ya mataifa ya dunia, na ukumbi wake wa kusomea umeshuka kwa ngazi chini ya paa la vioo lililoinama kuelekea baharini. Mwanafunzi wa sekondari akikaa humo saa mbili na kitabu chake hatadai simu. Jumba la makumbusho la zama za Wagiriki na Warumi, lililokuwa limefungwa tangu 2005, lilifunguliwa tena Oktoba 2023, nalo pia lina mengi ya kumshikilia mtu.

Chakula sikielezi kwa urefu, ila nitaeleza jinsi kinavyonunuliwa Anfushi. Samaki wamelazwa juu ya barafu mbele ya mkahawa; unachagua mwenyewe, mwuzaji anapima mbele yako, unaambiwa bei ya kilo, kisha unasema apikwe vipi. Kubaliana na bei kabla samaki hajaondoka kwenye mizani. Agiza mmoja aliyepasuliwa na kuchomwa na nyanya, vitunguu na pilipili mboga, na pamoja naye ule wali wao wa samaki, uliotiwa rangi ya kahawia kwa vitunguu vilivyokaangwa mpaka karibu kuungua. Shangazi yangu aliusifu wali huo, na yeye si mwepesi wa kuusifu wali uliopikwa na mtu mwingine.

Yupo atakayeniuliza kwa nini familia ya Afrika Mashariki iende pwani hiyo wakati Bahari ya Mediteranea inapakana na Hispania, Italia na Ugiriki pia. Waendao huko na waende. Lakini familia zetu nyingi zimetawanyika: kaka yuko Maskati, dada yuko Uingereza, wazazi wako Tanga au Mombasa, na mtoto wa kaka anasoma Chuo Kikuu cha Al-Azhar, Kairo. Kuwakusanya wote Ulaya maana yake ni kuomba viza ya Schengen kwa wazee ambao hawana mshahara wa kuonyesha, kulipa ada ya euro 90 kwa kila mtu mzima bila kurejeshewa hata akinyimwa, na kununua bima ya matibabu ya kiwango kisichopungua euro 30,000. Misri iko katikati ya njia zetu, ndege za moja kwa moja zinakwenda Kairo kutoka Dar es Salaam na Nairobi kwa saa tano au sita hivi, na vijana wetu wanaosoma huko wako tayari kuwasindikiza wageni na kuwatafsiria. Kazi rasmi ya kuongoza watalii katika maeneo ya kihistoria ni ya wenye leseni, na sheria hiyo iheshimiwe. Lakini kijana wa Al-Azhar anayekupeleka sokoni, hospitalini au kituo cha treni anakufanyia kazi, na alipwe kwa heshima, si kwa soda.

Ombi langu kwenu, Ndugu Mhariri, ni kwamba mtakapoandika tena kuhusu likizo za Misri muwape wasomaji ratiba nyingine karibu na ile ya mawakala. Kwa mwenye siku nane, Kairo ipewe siku tatu kamili, kwa sababu piramidi na Jumba Kuu la Makumbusho la Misri lililofunguliwa rasmi Novemba 2025 haviwezi kuharakishwa. Baada ya hapo apande treni kwenda Iskandaria akalale huko usiku nne: siku ya kwanza ya Anfushi na Qaitbay, ya pili ya maktaba na makumbusho, ya tatu ya Rashid, na ya nne ya bahari tupu bila ratiba yoyote. Usiku wa mwisho arudi Kairo kusubiri ndege. Kwa mwenye siku sita, ningepunguza siku moja Kairo na moja Iskandaria, na Sharm el-Sheikh ningeiacha kabisa hadi mwaka mwingine, kwani matumbawe na samaki wa rangi tunao Mafia, Chumbe na Watamu, tena kwa nauli ndogo zaidi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Tanga.